Mutu wa Kati Aliyebaki Nyumbani

Mapendo mutoto wangu,

Naandika muchana, juu magaribi hatuwashi tena taa hapa Mudzipela, vijana wenye bunduki wasituone, unajua mwenyewe. Weye uko nyuma ya nyumba na shangazi yako Eliza, munakunja nguo. Nasikia sauti yako. Kutoka hapa ningeweza kuita jina yako na ungesikia, lakini ona, nachukua kalamu. Jirani wakijua watanicheka.

Mambo ya njia sitaandika. Eliza amekwisha kukuambia habari ya kuchemsha maji ya kunywa, na ya kulala na viatu karibu, na ya kutoonyesha mutu pesa yako, na akimaliza ataanza tena. Kesho asubuhi ile ndege ndogo ya wamisionari itakupeleka Beni, na kule watu wa kanisa watakupokea usome. Kiti ilikuwa moja tu, na ni yako. Miye nataka kusema juu ya ile neno uliyoniambia siku ya maombi ya mama yako. Ndiyo neno ya mwisho uliyoniambia kwa kinywa yako mwenyewe.

Unaikumbuka? Miye naikumbuka hata nikiwa nakula. Watu walikuwa wamejaa ndani ya nyumba, hakuna sanduku, hakuna mwili, picha yake tu juu ya meza na kitambaa nyeupe. Muchungaji alikuwa anasema Mungu alitupenda mpaka akamutuma Mwana wake. Weye ukasimama. Ukaniangalia miye, si muchungaji, ukasema: "Basi Mungu naye alituma mutoto yake afe, yeye akabaki nyumbani. Baba, weye na Mungu yako muko sawasawa." Halafu ukatoka. Mama moja akasema "mawe!", wengine wakaangalia chini.

Tangu siku ile hausemi na miye. Unasema na Eliza. "Shangazi, ambia baba chumvi imeisha." Na miye niko pale pale, goti yangu inagusa meza moja na yako. Eliza naye, dada yangu yule hana haya, anageuka kwangu, kaka yake mukubwa: "Yaya, chumvi imeisha." Namujibu: "Muambie nimesikia." Kama si uchungu, ningecheka mpaka mbavu ziume. Miye, mutu waliyekuwa wanakuja kumuita kutoka Saio na kutoka Gety akasikilizanishe jamaa na jamaa, leo nangoja mutu wa kati aniletee habari ya chumvi ndani ya nyumba yangu.

Kazi ile uliiona ukiwa mudogo, lakini wacha nikuambie vile ilikuwa kwa ndani. Kijana akitaka kuoa, jamaa yake haiendi kusema moja kwa moja na jamaa ya binti, watakosana kabla kiti haijapata moto. Wanatafuta mutu wa kati. Anapeleka maneno kule, anarudisha huku, na chakula ikiletwa yeye anaonja kwanza, ya huku na ya kule, kila mutu aone kama hakuna ubaya ndani. Cherehani ndiyo ilikuwa inatulisha, lakini kukaa katikati ndiko kulikuwa kunanifurahisha. Na nilikuwa fundi, sitaficha. Muzee wa huku akisema, "Kijana yao ni muvivu, hata kuku inamushinda kufuga," miye navuka kiwanja na meno nje, nasema: "Wazee wanauliza kama kijana iko na nguvu ya kulima." Wa kule wakijibu, "Na binti yao ule mdomo, ni redio," nafikisha: "Wanasema binti anajua kupokea wageni." Watu wanacheka, ng'ombe zinatoka, ndoa inafungwa. Miye napewa paja ya mbuzi, narudi kwangu.

Mama yako nilimupata njia ile ile. Nilikwenda upande wa Gety kwa ndoa ya dada yake, na yeye ndiye alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Alikuwa amesikia vile baba yake alisema, akasikia pia vile nilifikisha. Aliponimwagia maji mikononi, akaniambia polepole: "Baba hakusema vile." Nikamuambia: "Dada, nyamaza, dada yako aolewe." Akacheka kwa pua. Nilijua pale pale nitarudi kule, na safari hiyo haitakuwa kwa ajili ya mutu mwingine.

Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa ananichokoza na kazi hii. "Weye unaonja ya huku, unaonja ya kule, tumbo inashiba tu. Siku yenye ndani ya sahani kutakuwa uchungu, nitakuona." Nilikuwa nacheka, namuambia alete chumvi.

Halafu vita ikatukuta. Majina ya makabila sitaandika, juu karatasi hii kesho itapita kwa barrière, ile kizuizi ya vijana njiani, ndani ya nguo yako. Tuseme tu watu wangu na watu wa mama yako. Vijana wa upande wetu walichukua ng'ombe za kijiji ya wajomba wako. Vijana wa kule wakachoma nyumba za watu wetu. Wazee wa pande zote mbili, watu waliooana tangu babu zao, wakaniita: enda ukae katikati. Nikapanda baiskeli, nimevaa shati ile ile ya kwenda nayo kwa ndoa. Ona ujinga yangu, mutoto wangu. Nilikwenda vitani na shati ya ndoa.

Watu wetu wakasema: "Hatuombi mutu musamaha. Kwanza walipe nyumba zetu." Wajomba wako wakasema: "Hakuna maneno mpaka ng'ombe zirudi, na waliozichukua wapige magoti hapa." Na miye nikafanya nini? Nikafanya kazi yenye nilijua. Huku nikasema, "Wale wamejuta." Kule nikasema, "Wale wanakuja kuomba musamaha." Nilifikiri wakionana tu, wakakula pamoja, moyo utalainika, kama kwa ndoa.

Wakakutana. Kila upande ukakaa, ukangoja wengine wapige magoti. Sahani ziko katikati, miye nimekwisha kuonja, hakuna anayenyoosha mukono. Mwisho muzee moja akauliza kwa sauti: "Nani alisema siye tumejuta?" Wote wakageuka kuniangalia. Mapendo, kwa ndoa uongo mudogo unapotea, juu watu wanaanza kucheza ngoma. Pale hakuna aliyecheza. Waliachana na matusi, na haikupita juma moto ikawaka tena kuliko mbele.

Ndipo wajomba wako wakatuma neno. Hawakuita ng'ombe, waliniita miye. "Yule aliyeleta maneno aje akae kwetu mpaka ng'ombe zirudi. Akiwa ndani yetu, watu wake hawatatupiga." Ilikuwa neno ya haki kabisa. Mutu wa kati si anakaa katikati? Lakini sasa katikati ilikuwa fasi ya kufa. Nikapanda kitanda. Nikasema niko na malaria. Na homa ilikuwepo, ni kweli, lakini haikunizuia kumaliza ugali. Nikaambia mama yako: "Enda weye. Weye ni mutoto wao, hawatakugusa. Na wetu wanajua uko bibi yangu, nao hawatakugusa." Maneno tamu ya huku na ya kule. Hata bibi yangu nilimufanyia ile kazi.

Hakubishana. Alifunga kitenge, akaweka mukate ndani ya kitunga kwa watoto ya kaka zake. Weye ulisimama mulangoni, ukaniuliza: "Baba, juu ya nini hauendi weye?" Nikakukaripia, nikasema mutoto hasemi vile na baba yake. Na mama yako, anaenda kwa kifo, akakuambia: "Wacha baba apumzike." Neno ile inaniua mpaka leo.

Kaka zake hawakumugusa, walimuweka vizuri. Wetu ndio walikuja. Vijana wa huku, wengine suruali zao za ubatizo niliwashonea kwa cherehani hii. Mujomba yako moja aliyepona ndiye alitutumia habari: mama yako alitoka nje mikono wazi, akawaambia yeye ni bibi yangu. Alikuwa anaita jina yangu, Mapendo. Aliita na kuita. Na miye wakati ule nilikuwa hapa, nimejifunika shuka.

Kanisani walianza kusema mama yako alikuwa kama Yesu. Nilikasirika, kidogo nitoke nje. Mama yako hakujitoa sadaka, alitumwa na mutu mwoga. Ndiyo maana neno yako ilinichoma. Juu yangu miye, weye ulisema kweli kabisa. Lakini upande wa Mungu nimehangaika nao kwa siku mingi, juu na miye mwenyewe nilikuwa sijui. Nilijiuliza: kama Mungu naye ni wa kutuma mwingine na kubaki nyumbani, basi siye tumekwisha, na mama yako alikufa akiita watu wawili wasiokuja, miye na Mungu.

Nikaenda kwa muchungaji. Akaanza kufungua vitabu kubwa-kubwa. Nikamuambia: "Muchungaji, wacha kwanza hizo. Niambie kitu moja tu: alituma mwingine, ao alikuja mwenyewe?" Akafunga kitabu. Akasema: "Kosa yako ni hii, unafikiri Yesu ni mutu wa kati wa ndoa. Yule wa ndoa ni mutu wa tatu. Si wa huku, si wa kule, anabeba maneno, na moto ikiwaka anakimbilia kwake. Yesu si mutu wa tatu. Ni Mungu kabisa, na ni mutu kabisa. Aliyetundikwa pale si mujumbe wa Mungu. Ni Mungu mwenyewe amekuja." Nikamuuliza: "Na Baba?" Akasema: "Baba hakukaa mbali akiangalia. Baba na Mwana hawako watu wawili, moja anakufa na mwingine amejifunika shuka." Kumbe alikuwa anajua habari ya shuka. Nafikiri Mudzipela yote inajua.

Sikuelewa yote, sitakudanganya, kudanganya nimeacha. Hayo mambo ya Baba na Mwana kuwa moja inanishinda mpaka leo. Lakini nilielewa kidogo, na kidogo ile ndiyo nataka uende nayo. Miye nilibeba maneno nikaziweka sukari. Yeye hakuweka sukari. Hakuambia watu kama kosa yao ni ndogo, wala hakuambia mbingu kama watu wamejuta wakati hawajajuta. Uchungu ulikuwa ndani ya sahani, vile mama yako alisema utakuwa siku moja, na hakuonja tu, alikula mpaka akamaliza. Miye ningekuwa hata nusu ya vile, mama yako angekuwa leo anakukunjia nguo.

Tangu siku ile ya maombi hauombi tena, nimeona. Kwa meza siye tunafumba macho, weye unaangalia dirisha. Sikulazimishi. Nasema tu, siku yenye utataka kumuambia Mungu kitu, hata kama ni kumugombeza, mugombeze moja kwa moja. Kwake hauhitaji kupitia kwa shangazi. Usipitie hata kwangu, miye nitaharibu maneno yako.

Na kitu ingine. Watu watakuita nusu. Hapa umebaki ndani ya nyumba miezi na miezi, hauendi soko, hauendi kisima, juu uso wako ni uso wa mama yako na vijana wenye bunduki wanasoma uso. Unafikiri uko kipande ya huku na kipande ya kule. Hapana. Weye ni wangu kabisa na ni wa mama yako kabisa. Nilipomusikia muchungaji anasema vile juu ya Yesu, weye ndiye nilikufikiri, Mungu anisamehe kama ni kosa.

Kule Beni watakuja watu wazuri, wengine na Biblia mkononi, watakuambia: "Mapendo, weye uko wa pande mbili, ni weye unaweza kwenda kusema na wale." Ukiona moyoni ni kweli unataka, enda, sitakukataza. Lakini mutu akikuambia "enda weye, weye ni wao," muulize siku ile yeye atakuwa wapi. Akisema iko na homa, mupe dawa, na usiende. Ya kulipa kwa damu, Yesu alikwisha kulipa. Mutu asikutume ukalipe tena.

Sasa nifike kwa ya kesho. Kwenda kiwanja ya ndege ni lazima kupita kwa barrière ya vijana. Eliza ameniambia: "Yaya, nitamupeleka miye. Mwanamuke hawamusumbui sana. Weye baki, kila mutu pale anajua ulioa wapi." Anasema kwa upendo, na unaona vile inafanana na ile neno niliyomuambia mama yako. Lakini vijana wakiona uso wako watauliza: baba yake ni nani? Swali ile shangazi hawezi kuijibu, na muchungaji hawezi. Kwetu mutoto ni wa jamaa ya baba, na baba ndiye anasimama kusema huyu ni wetu. Baba moja wa mutaa ya chini alisimama pale kwa ajili ya kijana yake. Kijana walimupitisha. Baba yake walimuweka pembeni, na mpaka leo bibi yake anazunguka kuuliza.

Naogopa, Mapendo. Naandika wazi ili usisikie kwa mwingine. Leo asubuhi nilisikia baridi mwilini, nikashika paji ya uso wangu haraka-haraka nione kama ni homa. Haikuwa homa. Nilikaa juu ya kitanda, nikajicheka peke yangu, halafu nikalia.

Kesho nitavaa koti yangu niliyoishona mwenyewe, na nitakushika mukono mbele yao. Wakiuliza huyu ni nani, nitasema ni mutoto wangu, mama yake alikuwa wa kule, nilimuoa kwa mali na kwa kanisa. Kusema ingine haifai kitu, uso wako unasema yote. Wakikurudisha, tutarudi pamoja. Wakisema mutu moja abaki, nabaki miye, na weye usigeuke nyuma, panda ndege. Ukisikia naita jina ya mutu, itakuwa ya mama yako.

Sikuombi uniambie neno njiani. Sikuombi musamaha, juu hiyo siwezi kuiomba kwa karatasi, na mwenye kosa hachagui siku ya kusamehewa. Naomba kitu moja ndogo. Pale kwa barrière, nikishika mukono yako, usiivute.

Eliza ameingia sasa hivi. Ameona karatasi, ameona macho yangu. Amenyoosha tu mukono, mazoea yake ya siku hizi: "Lete yaya, nimupelekee." Nimemuambia hapana. Nimemuambia akae. Namalizia neno hii moja, halafu nasimama, natoka nyuma ya nyumba kukuletea miye mwenyewe.

Baba yako